Sindano ya Vitamini

Majirani walimwita Mama Mabanda kwa sababu kila walipomuulizia nyumbani waliambiwa yuko mabandani. Alianza na nguruwe jike mmoja mwenye hasira za karibu, akaishia kuwa na safu nzima ya vizimba nyuma ya nyumba, vyenye sakafu ya saruji na mapaa ya bati. Mumewe alikuwa fundi seremala, mtu mpole wa maneno machache. Alikuwa akisema kwamba siku akitaka kuzungumza na mke wake kwa kirefu, itabidi kwanza aote mkia.

Mama Mabanda alikuwa na mdogo wake wa kiume mmoja tu. Mama yao alipofariki, mtoto huyo alikuwa bado hajui kufunga vifungo vya shati, na dada ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado msichana. Alimkata kucha, alimtetea kwa wababe wa mtaani, na siku ya kwanza ya shule alikaa chini ya dirisha la darasa mpaka mtoto alipoacha kulia. Alipokua akaenda chuo cha mifugo na kushika somo la lishe ya wanyama, dada alianza kumwita Daktari. Udaktari wenyewe alikuwa bado anausomea, lakini jina lilishika, na mtaa mzima ukalifuata.

Basi asubuhi moja Daktari alifika nyumbani kwa dada yake, akamkuta anachanganya chakula cha nguruwe kwa koleo: mahindi yaliyosagwa, soya iliyokaangwa, unga wa dagaa. Akaketi juu ya gunia.

"Dada, unajua kwa nini watoto wa nguruwe hudumaa wakishaachishwa kunyonya?"

"Wamenyang'anywa mama yao. Hata wewe ulikonda."

Daktari akacheka. Kisha akamweleza, na alikuwa na kipaji cha kueleza. Alisema mwili wa mtoto aliyetengwa na mama una kazi mbili, kukua na kujilinda. Maadamu hakuna wa kumsumbua, anakula na kunenepa. Lakini homa ikimpata, chakula chote kinapelekwa kwa walinzi. Mwili unapigana, na kukua kunasimama. Yeye alikuwa ametengeneza kirutubisho, ungaunga wa rangi ya maziwa uliotokana na hamira na vile vijenzi vya protini ambavyo mwili huvimaliza haraka ukiwa vitani. Alitaka kuona kama kikitiwa kwenye chakula, mtoto wa nguruwe ataweza kupigana huku anaendelea kukua.

"Ukifaulu?"

"Nikifaulu nitakuwa daktari kweli, siyo wa mdomo wako. Na wafugaji kama wewe mtaacha kuzika vitoto."

"Sasa shida yako nini?"

"Nahitaji watoto wa nguruwe wa kufanyia majaribio."

Mama Mabanda aliegemeza koleo ukutani, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mtoto wa mama yangu," alisema, "mabanda yangu ni yako. Hilo nalo la kuomba?"

Wakapanga kila kitu. Watoto wa majike mawili waliokuwa karibu kuachishwa wangegawanywa katika vizimba vinne. Viwili vingelishwa kutoka ndoo ya buluu na viwili kutoka ndoo ya njano. Ndoo moja ilikuwa na kirutubisho na nyingine haikuwa nacho, lakini Mama Mabanda hakuambiwa ni ipi, asije akawapendelea wengine bila kujijua. Hilo alilielewa na akalifurahia. Fundi alitengeneza vizimba vipya kwa mbao alizozipiga randa mpaka zikang'aa, na katika kila kizimba akaweka kisanduku cha kulala chenye taa ya joto. Mama Pacha, jirani na rafiki yake Mama Mabanda, alikuja kusaidia kuwavisha watoto hereni za namba masikioni. Yeye naye alifuga. Sifa yake kubwa ilikuwa dume lake la mbegu, kubwa kama kabati, lililoitwa Bwana Harusi, na karibu majike yote ya mtaa ule yalikuwa yamepelekwa kwake.

"Na nyie mtakua," Mama Pacha alikuwa akiwaambia watoto wanaopiga kelele mikononi mwake, "mje mumuone Bwana Harusi. Msiogope, ana adabu kuliko wanaume wengi."

Alikuwa ameosha mabuti yake kwenye beseni la dawa lililokuwa mlangoni, kama alivyofanya siku zote.

*

Siku chache baada ya kuwaachisha, Daktari alikuja na kijisanduku cha barafu. Akavaa glavu, akatoa chupa ndogo na bomba la sindano.

"Nini hiyo?" dada aliuliza.

"Vitamini, dada. Ya kuwatia nguvu."

Mama Mabanda hakuuliza zaidi. Aliingia kizimba cha kwanza, akawakamata watoto mmoja mmoja na kuwakumbatia tumbo kwa tumbo, mdogo wake akiwachoma shingoni nyuma ya sikio. Wakamaliza hicho, wakaenda cha tatu. Alipoelekea cha pili, Daktari alimzuia.

"Hao na wale wa mwisho waache. Naona wako sawa."

Jua lilikuwa halijatua Mama Mabanda alipoona mambo yameharibika. Watoto wa kizimba cha kwanza walikuwa wamerundikana kwenye kona wakitetemeka, manyoya yamewasimama. Wawili walitapika. Chakula kilikuwa kwenye kihori kama alivyokimimina. Alipogusa masikio yao yalikuwa ya moto. Akakimbilia kizimba cha tatu, akakuta hali ni ile ile. Kizimba cha pili na cha nne walikuwa wanacheza na kung'atana mikia kama kawaida yao.

Akampigia simu mdogo wake akihema. Daktari alifika upesi sana, kama mtu aliyekuwa njiani tayari. Aliwapima joto wote, wagonjwa na wazima, hakumwacha hata mmoja.

"Ugonjwa gani huu unaoruka chumba?" dada aliuliza. "Umeingia hapa, hapa haukuingia, pale umeingia."

"Magonjwa yana tabia zake," Daktari alisema huku akitazama kipimajoto.

Kesho yake homa ilishuka, watoto wakaanza kula. Mama Mabanda akashukuru Mungu. Lakini Daktari aliporudi baada ya siku kadhaa na kuwachoma tena wale wale, akisema hiyo sasa ni dawa ya kuzuia homa isirudi, homa ilirudi siku ile ile. Akaja na dawa nyingine. Mambo yakawa ni hayo: wanapona, wanachomwa, wanaanguka. Mama Mabanda hakuunganisha mambo hayo mawili. Angeyaunganishaje? Aliyeshika sindano ni mtoto aliyemkata kucha. Kila alipomaliza kuchoma, dada alimnawisha mikono na kumwambia, "Asante, mdogo wangu. Sijui ningekuwa wapi bila wewe." Na Daktari aliitikia, "Usijali, dada," akainama kufunga kijisanduku chake.

Kwenye kizimba cha tatu kulikuwa na mmoja mdogo kuliko wote. Fundi alimwita Kidonge. Homa zile zilimchosha kuliko wenzake. Mama Mabanda alimhamishia jikoni, akamlaza kwenye boksi lenye matambara, akawa anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Alimsemesha kama mtoto wa mtu. Alimwahidi kwamba akipona hatauzwa kamwe, atazeekea pale nyumbani. Kidonge alikuwa akimsikiliza kwa jicho moja. Baada ya sindano nyingine ya Daktari hakuinuka tena. Alikufa mchana, kichwa chake kikiwa kwenye paja la Mama Mabanda, na Mama Mabanda akalia kwa sauti bila kuona haya. Daktari aliichukua maiti kwenye mfuko, akasema anaenda kuichunguza.

Msiba wa namna hiyo unatafuta mtu wa kuubeba. Mama Mabanda alirudisha mawazo nyuma, akahesabu nani aliingia kwenye vizimba vyake, na kila alipohesabu alimkuta mtu mmoja asiye wa nyumbani. Siku iliyofuata Mama Pacha alikuja na bakuli la uji kumpa pole. Hakufika hata mlangoni.

"Ishia hapo hapo," Mama Mabanda alisema.

Mama Pacha alidhani ni utani. "Nimekosa nini tena, mwenzangu?"

"Umetoka kwenye nguruwe wako ukaingia kwa wangu. Umewashika mmoja mmoja. Sasa wanakufa."

"Mimi? Mabuti yangu niliyaosha kwenye beseni lako, ukiniangalia!"

"Kuosha gani huko? Kuchovya tu!"

Daktari alikuwa uani, anapanga vitu vyake kwenye pikipiki. Mama Mabanda akamgeukia. "Daktari, wewe ndiye msomi hapa. Mwambie. Ugonjwa unaweza kuletwa na viatu au hauwezi?"

Wote wawili walimtazama. Fundi naye, aliyekuwa anachonga mguu wa meza kwenye kivuli cha ukuta, aliacha kuchonga.

"Unaweza," Daktari alisema. "Kwa viatu, kwa nguo. Inawezekana."

Mama Pacha aliliweka bakuli chini, taratibu, kana kwamba lilikuwa limejaa mpaka pomoni. Akaondoka.

Maneno hayana breki. Jumapili haikufika kabla mtaa mzima haujasikia kwamba kwa Mama Pacha kuna ugonjwa. Hakuna aliyepeleka tena jike lake kwa Bwana Harusi. Wengine walipomuona njiani amevaa mabuti walivuka upande wa pili. Alivumilia kiasi, kisha akamuuza Bwana Harusi kwa mchinjaji, akawauza na majike, akafunga banda. Mama Mabanda alipopita pale na kuona mlango umefungwa kwa mnyororo alihisi kitu kikimchoma, lakini akajiambia kwamba aliyeharibu ni mwenyewe.

*

Majaribio yalikwisha. Homa nazo zilikwisha siku moja na majaribio, na hata hilo halikumshtua. Watoto waliobaki walipimwa uzito wa mwisho. Kwa macho tu ungeona tofauti: waliougua na kula kutoka ndoo ya buluu walikuwa wamenenepa karibu sawa na wazima, na waliougua na kula kutoka ndoo ya njano walikuwa mbavu nje. Kirutubisho kilifanya kazi. Daktari alimkumbatia dada yake kwa nguvu mpaka miguu yake ikainuka kutoka ardhini.

Muda ulipita. Siku moja Fundi alirudi na habari kwamba chuoni kungekuwa na siku ya wafugaji, na shemeji yake angesimama kuzungumza mbele ya watu.

"Mbona hakuniambia?" Mama Mabanda aliuliza, akampigia mdogo wake simu.

"Ah, dada, ni mambo ya kitaalamu tu," Daktari alisema kwenye simu. "Utachoka bure. Nitakuja mwenyewe nikueleze."

Mama Mabanda alikata simu akitabasamu. Alijua mdogo wake anaona aibu kusifiwa mbele yake, tangu utotoni alikuwa hivyo. Akaamua kumshtukiza. Alishona nguo mpya, akasuka nywele, akamlazimisha Fundi avae koti la harusi yao, na wakaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walipata viti vya nyuma karibu na mlango. Mbele palikuwa na pazia jeupe kubwa la kuonyeshea picha, na meza walipokaa walimu wa chuo. Daktari alipoitwa, Mama Mabanda alimfinya mumewe mkono mpaka akagutuka. Mtoto alikuwa amevaa tai. Alizungumza kwa utulivu, bila kubabaika, akisimama wima vile vile dada alivyomfundisha kusimama anapoulizwa swali darasani. Picha zilipita, na Mama Mabanda aliviona vizimba vyake kwenye pazia, vikubwa kuliko nyumba. "Mbao zako hizo," alimnong'oneza mumewe.

"Swali letu," Daktari alikuwa akisema, "lilikuwa kama kirutubisho kinamsaidia mtoto wa nguruwe ambaye mwili wake unapigana. Kwa hiyo tulihitaji miili inayopigana. Nusu ya watoto tuliwachoma sindano yenye chembechembe za bakteria waliokufa. Chembechembe hizo haziambukizi, lakini mwili ukizipata unadhani umevamiwa. Homa inapanda, mnyama anatetemeka, anaacha kula. Tulirudia sindano kila homa iliposhuka, na kila mara tuliongeza kipimo, kwa sababu mwili huzoea."

Picha nyingine ikaja. Ilikuwa ya watoto waliorundikana kwenye kona, manyoya yamesimama. Mbele kabisa, akiangalia kwa jicho moja, alikuwa Kidonge, na namba yake sikioni.

Mwanzoni Mama Mabanda hakuelewa. Alisikia maneno, akayaelewa moja moja, lakini yalikataa kukaa pamoja. Kisha yakakaa. Sindano ya kwanza, kizimba cha kwanza na cha tatu. Dawa ya kuzuia. Dawa nyingine. Alijiona amewakumbatia tumbo kwa tumbo, anawatuliza wasirushe miguu, ili wachomwe vizuri. Mikono iliyowashika ni yake. Akamtazama mumewe, akakuta Fundi anamtazama yeye, na usoni mwake aliona kwamba ameelewa vile vile.

Mfugaji mmoja mzee mbele aliinua mkono. "Na mwenye hao nguruwe alikubali kitu hicho?"

"Mwenye nguruwe alitoa ridhaa kamili," Daktari alijibu. Na hapo hapo, akiwa anazungusha macho ukumbini kutafuta swali linalofuata, akamuona dada yake.

Mdomo wake ulibaki wazi. Walimu walikuwa wanamsubiri. Mama Mabanda alijua kwamba neno lake moja lingetosha. Alikuwa na haki ya kulisema. Lakini aliona tai ile, na jasho lililoanza kumtoka mtoto juu ya mdomo, na hakuweza. Watu wakaanza kupiga makofi, wakidhani hotuba imekwisha. Mama Mabanda naye akapiga makofi. Alipiga mpaka Fundi alipomshika mikono na kumtoa nje.

*

Daktari aliwakuta kwenye bomba la maji nyuma ya ukumbi. Dada yake alikuwa ananawa uso, maji yanalowesha kifua cha nguo mpya.

"Dada, naomba unisikilize."

"Ulisema vitamini."

"Ningekuambia ukweli, ungewahudumia tofauti. Matokeo yangeharibika."

"Ndoo hukuniambia, na nilikubali. Ungesema, dada, nitawaumiza na sitakwambia ni wepi. Ungesema tu. Kwa nini hukuniuliza?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Niliogopa utakataa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nguruwe walipona, dada! Chembe zenyewe hazileti ugonjwa. Kidonge alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Na umeona mwenyewe kirutubisho kinafanya kazi. Fikiria vitoto vingapi..."

"Sizungumzii nguruwe," Mama Mabanda alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikamlazimu Daktari asogee karibu kumsikia. "Nilikushukuru. Kila mara ulipomaliza kuwachoma nilikunawisha mikono nikakushukuru, na ukaitikia. Na Mama Pacha nilimfukuza kama mbwa, wewe umesimama pale. Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Ulisema nini?"

"Nilisema inawezekana. Sikusema ni yeye."

Fundi aliguna. "Shemeji," alisema, "hiyo hata mtoto mdogo angeona aibu kuisema."

Mama Mabanda alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nenda kwa Mama Pacha. Leo hii. Umwambie ulichofanya, kisha useme na kwenye kikao cha wafugaji, wote wasikie."

"Siwezi." Sasa Daktari alikuwa karibu kulia. "Chuo kinataka ridhaa ya mfugaji. Nilisema ninayo. Likijulikana hili, kazi yote inatupwa. Dada, ni miaka yangu yote. Wewe ndiye uliyenisomesha. Utanimaliza kwa ajili ya maneno ya mtaani?"

Ndilo neno lililomuuma kuliko yote, kuliko hata sindano. Alimgeuzia mdogo wake mgongo. Akamshika mumewe mkono, wakaenda zao.

Siku zilizofuata hakula vizuri. Alilisha nguruwe, akafagia, akarudi ndani na kukaa. Akilala upande huu anamuona mtoto wa shule analia dirishani, akigeuka anamuona Mama Pacha anaweka bakuli chini. Fundi hakumshauri lolote. Alimwambia tu, "Ukisema, niko nawe. Usiposema, niko nawe, lakini usiniombe nipite mbele ya ile nyumba yenye mnyororo."

Kikao cha wafugaji kilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Mama Mabanda alisubiri mpaka habari za chanjo na za bei zikaisha, akasimama. Alizungumza kwa kifupi. Alisema watoto wake hawakuambukizwa na mtu. Walichomwa sindano ya kuleta homa, kwa ajili ya majaribio, na aliyewachoma ni mdogo wake wa tumbo moja. Yeye hakuambiwa. Mama Pacha alisingiziwa, na aliyemsingizia ni yeye Mama Mabanda, mbele ya watu, kwa hiyo anamwomba radhi mbele ya watu.

Mama Pacha hakuwepo. Mtu asiyefuga angekuja kikaoni kufanya nini? Ikabidi Mama Mabanda amfuate nyumbani. Alimkuta anaanika nguo, akamweleza yote kuanzia mwanzo akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Mama Pacha alisikiliza huku anaendelea kukung'uta mashati ya mapacha wake na kuyabana kwenye kamba.

"Nimesikia," alisema mwisho. "Asante kwa kuja. Lakini Bwana Harusi ameshaliwa, mwenzangu. Huwezi kumwomba radhi."

"Najua."

"Na wewe ulinijua miaka yote hiyo. Yeye alikudanganya wewe. Wewe nani alikudanganya juu yangu?"

Mama Mabanda alisimama mpaka nguo za beseni zikaisha, akamsaidia kulimwaga maji, akarudi kwake.

*

Habari zilifika chuoni, kama Daktari alivyohofia. Majaribio yalitupwa yote, na yeye akasimamishwa kwa muda. Aliruhusiwa kurudi baadaye na kuanza upya, kwa nguruwe wa chuo na chini ya macho ya mwalimu. Kwa dada yake hakukanyaga. Wakati fulani alipiga simu, Mama Mabanda akapokea. Daktari akasema, "Nilikuwa naona kama nguruwe wako ni wangu, dada. Kama vitu vyako vyote."

"Vilikuwa vyako," Mama Mabanda alisema. "Ndiyo maana sijui nikusameheje." Akakata.

Baadaye ulikuja mfuko wenye ungaunga wa rangi ya maziwa, umeletwa na dereva wa lori la chakula cha mifugo. Haukuwa na salamu. Majaribio ya pili yalikuwa yametoa majibu yale yale ya kwanza, dereva alisema, na Daktari sasa alikuwa daktari kweli. Mama Mabanda aliuweka stoo juu ya rafu. Kila alipoingia kuchukua pumba aliuona, akageuza macho. Kisha mvua za baridi zikaja, jike moja lilikuwa limezaa watoto wengi, na walipoachishwa kunyonya wakaanza kuhara mmoja baada ya mwingine, kwa ugonjwa wa kweli ambao haukuletwa na mtu.

Fundi alimkuta stoo amesimama mbele ya rafu.

"Utaufungua?"

"Hawa hawajamkosea mtu," Mama Mabanda alisema. Akaushusha, akakata mdomo wa mfuko kwa kisu, akachota kipimo na kukichanganya kwenye chakula. Alifanya hivyo huku machozi yakimtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Wengi walivuka salama. Waliendelea kula hata homa ilipokuwa juu, na miili haikukonda kama alivyozoea kuona. Siku aliyohakikisha kwamba wamepona, alishika simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Mama Pacha alikuwa ameanza tena kwa jike moja dogo alilopewa na ndugu yake. Walikuwa wanasalimiana sasa, wakati mwingine hata kucheka, ingawa hakuna aliyeingia tena kwenye banda la mwenzake. Alasiri moja Mama Mabanda alimkuta kwenye uzio, akamnyooshea kopo lililojaa ungaunga.

"Kwa ajili ya watoto wako watakapoachishwa," alisema.

Mama Pacha hakulipokea. "Lina nini ndani?"

Mama Mabanda akaweka kopo juu ya nguzo ya uzio, akaanza kumweleza. Alimwambia kilichomo, kadiri alivyokuwa akikijua. Alimwambia kinafanya nini, na nani alikitengeneza, na nguruwe gani waliumizwa ili kijulikane kwamba kinafaa. Alimwambia na yale asiyoyajua. Maelezo yalichukua muda, na Mama Pacha aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Giza lilipoanza kuingia, Mama Pacha aliitazama nyumba yake, akalitazama kopo.

"Liache hapo hapo," alisema. "Nitafikiria."

Mama Mabanda akaliacha, akaenda kulisha nguruwe wake.